Anayejenga Kiota Ndiye Asiyeandikwa: Utambuzi wa Chozi Majike katika Pwani ya Horohoro



Ukitaja Horohoro, watu huona kituo cha mpaka: malori yaliyopanga foleni, pasi zinazogongwa mihuri, na barabara ya lami inayotoka Tanga kwenda Lunga Lunga na Mombasa. Mstari wenyewe ulitokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, yaliyouanzisha kwenye mlango wa mto Umba na kuupandisha bara mpaka Ziwa Jipe. Hatua chache kutoka kwenye lami, kwenye minazi, mikorosho na vichaka vya Wilaya ya Mkinga, wanaishi ndege ambao mkulima yeyote aliyewahi kukata mkungu wa ndizi anawafahamu. Ni chozi, ndege wadogo wenye mdomo mwembamba uliopinda, wanaoning'inia kwenye ua la mgomba wakinyonya maji yake matamu. Nimewaleta mbele yenu leo kwa sababu ya hoja moja. Tumezoea kumtambua chozi kwa dume wake, na kwa mazoea hayo kumbukumbu zetu za ndege wa pwani zimekuwa nusu. Ninadai kwamba elimu ya kuwatambua ndege hawa ianzie kwa jike, ndipo ije kwa dume.

Kwanza niondoe mkanganyo mmoja. Vijana wengi waliosoma kwa vitabu vya kigeni humwita chozi kwa jina la ndege wavumao wa Amerika, wale wanaosimama hewani mbele ya ua huku mabawa yakipiga kasi hata hayaonekani. Hao ni ukoo mwingine kabisa, Trochilidae, na leo hawapatikani popote nje ya bara lile na visiwa vyake, ingawa mifupa ya jamaa zao wa kale, ya umri wa miaka milioni 30 hivi, imechimbuliwa Ujerumani. Chozi ni wa ukoo wa Nectariniidae, na mara nyingi hutua kwanza ndipo anyonye. Wanafanana kwa sababu wamekula chakula cha namna moja kwa muda mrefu mno, si kwa sababu wamezaliwa tumbo moja. Hata hivyo tatizo la majike lipo kote kuwili. Marekani kuna spishi mbili za jenasi ya Selasphorus ambazo majike wake hutofautishwa kwa upana wa manyoya ya mkia, kipimo ambacho aghalabu hutaka ndege awe mkononi. Watazamaji makini wa huko, wakimwona jike kama huyo mtini, huandika majina yote mawili kwa pamoja bila kuona haya.

Sasa tujiulize kwa nini jike amesahauliwa. Dume wa chozi amepakwa rangi inayometameta, na rangi hiyo si ya wino. Ni mwanga unaovunjwa na umbo la unyoya wenyewe, ndiyo maana ndege yuleyule huonekana kijani akigeuka huku na mweusi akigeuka kule. Macho hukimbilia kwake. Jike amevaa kahawia, kijivu, au manjano iliyofifia, na wachoraji wa vitabu wengi humpa pembe ya ukurasa, nyuma ya mumewe. Lakini tazameni kazi iliyoko kichakani. Katika spishi nyingi za chozi, jike ndiye mjenzi. Huanza kwa kuzungusha utando wa buibui kwenye kijiti, akaning'iniza majani makavu na nyuzi za magome mpaka ukatokea mfuko mrefu wenye mlango ubavuni na kibaraza kidogo juu ya mlango huo. Chini ya mfuko huachwa takataka zining'inie, hata mpita njia adhani ni uchafu ulionaswa na upepo. Humo hutaga mayai, mara nyingi 2, na huyaatamia peke yake. Kwa hiyo anayetuthibitishia kwamba spishi fulani inazaa mahali fulani ni yeye. Dume anayeimba juu ya mnazi huenda anapita tu, lakini jike aliyebeba utando wa buibui mdomoni ni ushahidi ambao mhifadhi wa msitu anaweza kuupeleka mezani.

Inasemwa kwamba majike wote ni sawa, haiwezekani kuwatofautisha. Si kweli, na mifano ya hapa kwetu inatosha. Chukueni chozi kifua-chekundu, Chalcomitra senegalensis, na jamaa yake chozi zambarau, Chalcomitra amethystina. Madume wake hakuna asiyewajua: wote weusi, mmoja ana kifua chekundu kama kaa la moto, mwingine ana koo la zambarau. Majike wote wawili ni wakubwa kiasi, kahawia juu, na madoadoa chini. Anzeni kwa uso. Jike wa chozi zambarau ana unyusi mweupe unaopita juu ya jicho, koo limekolea giza, na pembeni mwa koo kuna mstari mweupe. Kifua chake kina michirizi. Jike wa kifua-chekundu hana unyusi, uso wake wote ni wa giza, na chini madoa yake yameshikana kama magamba ya samaki. Mtu aliyejifunza kutafuta unyusi kabla ya kitu kingine hatawachanganya mara nyingi. Lakini asisahau kwamba vijana madume wa spishi hizi huvaa karibu kama mama zao, koo likiwa jeusi zaidi, na hapo ndipo wengi hukosea.

Kundi la pili ni gumu zaidi, nalo ndilo litakalowashughulisha wanafunzi wa Tanga. Katika misitu ya pwani na ya Usambara ya Mashariki yupo chozi mdogo, Hedydipna collaris, mwenye mdomo mfupi. Jike wake ni kijani kinachong'aa mgongoni na manjano safi kuanzia kidevuni mpaka chini ya mkia. Yupo pia Anthreptes reichenowi, wa misitu ya pwani, ambaye jike wake naye ana manjano chini, lakini mgongo ni wa zeituni iliyofifia, hauna mng'ao hata jua likiupiga. Wa tatu ni chozi wa Amani, Hedydipna pallidigaster, na jike wake ni kijivu juu, mkia mweusi, na chini ni mweupe, pengine na kivuli chembamba sana cha manjano. Wote watatu huingia katika makundi mchanganyiko ya ndege wanaotafuta wadudu juu ya miti, na mtazamaji huwaona kutokea chini, shingo imepinda, kwa sekunde mbili. Mgongo hauonekani. Kinachoonekana ni tumbo.

Historia ya ndege huyu wa tatu inaniunga mkono. Amani ilikuwa kituo cha utafiti wa kilimo kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Mwaka 1928 alifika pale Reginald Moreau, aliyeishi Amani mpaka 1946 na kuandika mengi kuhusu ndege wa Usambara. Mwaka 1935 yeye na mwenzake Sclater walimtangaza chozi huyu kwa ulimwengu wa sayansi, wakampa jina la Kilatini lenye maana ya tumbo lililofifia. Katika ndege mwenye mng'ao wa kijani na vishungi vya rangi ya chungwa kwapani, waliona alama ya kumtaja kwayo ni tumbo. Na weupe huo wa tumbo dume na jike wanao wote wawili. Leo spishi hii imo katika orodha ya zilizo hatarini kutoweka. Inajulikana Usambara ya Mashariki, Udzungwa, na kule Kenya katika msitu wa Arabuko-Sokoke, ambako hupendelea miti ya mrihi. Tazameni ramani: Horohoro iko katikati ya Amani na Sokoke.

Hapo ndipo pingamizi kubwa linapotokea, nalo ni zito. Watu husema kwamba jike asiye na alama kali hutambuliwa kwa mahali: ukiwa pwani mpe jina la ndege wa pwani, ukiwa mlimani mpe la mlimani. Wengi wetu hufanya hivyo, na mara nyingi hupatia. Mathalani jike mdogo mwenye michirizi hafifu kifuani kwenye mikorosho ya Mkinga yumkini ni Cinnyris bifasciatus, chozi wa kawaida wa pwani. Yule asiye na michirizi kabisa, mwenye mdomo mrefu zaidi, ndiye Cinnyris venustus, na huyo ni wa kutazamiwa zaidi ukiiacha pwani. Lakini tukitumia ramani kumpa ndege jina, kisha tukatumia jina hilo kuchora ramani, tumezunguka duara. Chozi wa Amani akipita Horohoro, jike, mweupe chini, ataandikwa kuwa mwingine kwa sababu ramani haimtaji hapo, na ramani itaendelea kutomtaja. Jibu langu si kuitupa ramani. Ni kupanga mambo kwa mfuatano: kwanza andika ulichokiona mwilini, tumbo, koo, unyusi, mkia, mdomo, kisha andika mti, kimo na ndege alioandamana nao, mwishowe ndipo uifungue ramani. Ikipatana na maandishi yako, vema. Isipopatana, maandishi yabaki na jina lisubiri.

Wapo wanaosema tumfuate dume, kwa kuwa jike yuko na mumewe. Kwenye kiota, ndiyo. Kwenye ua la kirukia au mnazi uliochanua, la. Mti mmoja unaweza kuwakusanya chozi wa spishi kadhaa asubuhi moja, wakifukuzana, na jike akatua kando ya dume asiyemhusu. Isitoshe, madume wa baadhi ya spishi, akiwemo huyu Cinnyris bifasciatus, baada ya msimu wa kuzaa huvua vazi la kung'aa na kufanana na jike, wakabakiza mng'ao mdogo begani. Anayejua dume tu, miezi hiyo hana analojua.

Kuna pia wanaotegemea simu na kamera. Picha ni msaada mkubwa, sikatai. Lakini chini ya majani mabichi mwanga wenyewe ni wa kijani, na tumbo jeupe hutoka la manjano pichani. Kwa kundi la pili nililolitaja, kosa hilo linatosha kubadili spishi. Picha isiyo na maelezo ya jinsi jua lilivyokuwa ni shahidi asiyeulizwa maswali. Ama vipimo vya vinasaba, hivyo vina nafasi yake maabara, lakini haviwezi kumsimamia kila ndege anayepita mkoroshoni.

Na wanaodhani kwamba jike ni mambo ya ziada tu katika sayansi wamkumbuke chozi-zeituni, Cyanomitra olivacea, aliyejaa katika misitu ya pwani yetu. Dume na jike wake karibu hawatofautiani. Wataalamu walipowagawa chozi-zeituni kuwa spishi mbili, ya mashariki na ya magharibi, hoja yao kubwa ilikuwa kwamba majike wa mashariki wana vishungi vya manjano ubavuni na majike wa magharibi hawana. Mgawanyo huo umebishaniwa tangu hapo, na si kazi yangu leo kuuamua. Ninachosema ni kwamba swali la spishi ngapi zipo Afrika liliulizwa kwa kutazama kwapa la jike.

Lililobaki ni la vitendo. Orodha zetu za ndege ziwe na nafasi ya kuandika "chozi jike, mmoja wa hawa wawili", na mwanafunzi asipunguziwe alama kwa kuiandika. Jina la kubahatisha huharibu kumbukumbu ya miaka, ilhali mashaka yaliyoandikwa vizuri hufanyiwa kazi baadaye na mwingine. Kwa walimu wa shule za Mkinga na wenzao wa Kwale ng'ambo ya mpaka, ombi langu ni moja. Mkiwapeleka watoto chini ya mti uliochanua, mmoja akawaonyesha ndege anayemetameta, mwambieni amtafute aliye kando yake asiyemetameta, na kabla hajauliza jina lake aandike daftarini tumbo lake lina rangi gani.