Usumbufu wa Mteja Ubebwe na Nani? Mhadhara wa Umma, Nzuguni, Dodoma

Kauli ya "mteja ni mfalme" imebandikwa kwenye maduka mengi hata haisomwi tena. Hoja yangu ni kwamba kumtanguliza mteja si tabasamu wala lugha tamu. Ni uamuzi wa kiuchumi: mfanyabiashara kuubeba mwenyewe usumbufu aliokuwa akimwachia mteja. Anayeubeba hulipwa kwa uaminifu wa wateja. Anayeukwepa hudumu tu pale mteja anapokosa pengine pa kwenda.

Tuanze na jirani zetu. Mwaka 2005 Safaricom ya Kenya ilifanyia majaribio huduma ya simu iliyokusudiwa kuwawezesha wakopaji kurejesha mikopo. Watu wakaitumia kivingine: wakawa wanatumiana fedha. Kampuni ingeweza kuwakataza. Badala yake iliwafuata walikoelekea, na M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007 ilinadiwa kuwa njia ya kutuma pesa nyumbani. Aliyezoea kumkabidhi dereva bahasha na kuomba Mungu ifike akaondolewa wasiwasi huo, naye akakubali kulipia nafuu hiyo.

Sasa tuje hapa Stendi Kuu ya mabasi. Kwa miaka mingi abiria wa Dar es Salaam alivumilia wapigadebe na ahadi ya basi "linaondoka sasa hivi" huku viti vikiwa nusu tupu. Julai 2024 treni ya SGR ilianza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma, kwa takriban saa nne na kwa ratiba inayojulikana. Abiria akapata cha kulinganishia. Basi haliwezi kuishinda treni kwa mwendo. Lakini reli haipiti Gairo wala Kibaigwa, na msafiri wa huko bado anahitaji kushushwa karibu na kwake, pamoja na mzigo wake, kwa saa aliyoambiwa. Mwenye basi atakayelipanga gari lake kwa hitaji hilo atabaki barabarani.

Wapo watakaosema: mbona wengine walifanya biashara bila kumjali mteja? Ni kweli. Makampuni ya Biashara ya Mikoa, yaliyokuwa ya serikali, yaliuza huku wananchi wakipanga foleni, kwa kuwa hapakuwa na duka mbadala. Biashara ilipoanza kulegezwa mwaka 1984, mengi hayakuhimili ushindani. Foleni ilitokana na uhaba, haikuwa dalili ya kupendwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mtaji wa mchuuzi ni mdogo, na mteja hutaka bei ya kutupa na mkopo juu. Hapa tutenganishe hitaji na matakwa. Mnunuzi wa nyanya katika Soko Kuu la Job Ndugai anaweza kutaka mkopo. Anachohitaji ni sado isiyofichwa mbovu chini. Kumnyima mkopo si kumdharau. Kumfichia mbovu ni kumhamishia hasara, naye kesho atahamia meza ya pili.

Kwa hiyo nawasihi wenye mabasi, wenye vizimba na wenye ofisi: kabla ya kuongeza tangazo, orodhesheni usumbufu mnaowabebesha wateja wenu, kisha muondoe mmoja ulio ndani ya uwezo wenu. Msisubiri mshindani auondoe kwa niaba yenu.