Mtaa wa Dandora



Dandora ni mtaa ulioko mashariki ya Nairobi. Mwaka 1975 Kenya ilipata mkopo wa Benki ya Dunia, na Baraza la Jiji likapima huko viwanja kama 6,000. Kila kiwanja kilitiwa maji, choo na bafu. Vyumba alijenga mwenyewe mwenye kiwanja, apate kukaa na kupangisha. Hivyo watu wa mapato madogo walipata kwao mjini.

Lakini jirani yao ni jaa la taka za jiji. Mwaka 2001 lilitangazwa kuwa limejaa, na taka zingali zikimwagwa. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba katika watoto 328 waliopimwa, nusu walikuwa na madini ya risasi kupita kiasi damuni.

Wenyeji wamekwisha kutimiza wajibu wao. Wajibu wa jiji ungali deni.