Tuliyoyaona Berlin
Hotuba mbele ya wanachama, Lindi



Mlitutaka tuwasimulie safari yetu ya Berlin, sisi walimu watatu tulioalikwa na walimu wenzetu wa huko. Wengi mmeulizia baridi. Baridi ipo, wala hatutapoteza wakati wenu kwa hiyo.

Mgeni akifika mji ule hupelekwa kwanza Lango la Brandenburg, lililokamilika mwaka 1791, kisha kwenye Bunge lao lenye kuba la kioo. Raia wa kawaida hupanda juu ya kuba hilo na kuwatazama wabunge wake walio chini. Jambo hili lilitupendeza, tusiseme uongo.

Lakini karibu na lango hilo hilo ipo njia iitwayo Wilhelmstrasse. Hapo ndipo wajumbe wa dola 14 walipokaa, tangu tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885, wakitunga sheria za kujitwalia Afrika. Mwafrika hata mmoja hakualikwa. Kesho yake tu, tarehe 27, Carl Peters akapata hati ya Kaisari juu ya nchi za Usagara na jirani zake, kwa mikataba ambayo machifu waliotiliwa sahihi hawakuweza kuisoma. Jumba lenyewe halipo tena. Zimejengwa nyumba za watu kuishi. Limebaki bango la maelezo kando ya njia. Watalii walikuwa wakilipita, nasi tukasimama pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Sasa tuje kwa mjusi, maana twajua ndiye mnayemngoja.

Yumo katika ukumbi mkubwa wa makumbusho ya viumbe, kimo chake mita 13 na ushei. Watoto wa shule huingia wakipiga kelele, wakifika miguuni pake hunyamaza. Hata sisi tulinyamaza. Ndugu, mifupa ile ilitoka Tendaguru, hapa hapa kwetu! Ilichimbwa tangu mwaka 1909 hadi 1913, nchi hii ikiwa bado haijapona njaa na mauaji ya Vita vya Maji Maji. Tani zaidi ya 200 zilitwaliwa, zikachukuliwa vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa, mpaka bandari hii ya Lindi. Wataalamu wa Kidachi walipata sifa. Katika mamia ya wachimbaji na wapagazi, tunaloweza kulitaja kwa urahisi ni jina la mnyapara mkuu, Boheti bin Amrani, ambaye mwaka 2007 mnyama mmoja wa kale wa Tendaguru alipewa jina kwa heshima yake. Wengine je? Waliobeba walikuwa babu zetu, nasi hatuwajui.

Wako wanaotaka mjusi arudi, na Bungeni kwetu neno hilo limesemwa mara nyingi. Sisi twaona liko deni linalotangulia mjusi. Katika ghala za mji ule yamehifadhiwa mafuvu ya watu yapata 1,100 yaliyotoka katika koloni la Wadachi la Afrika ya Mashariki. Mengi ni ya Rwanda, na karibu 200 ni ya kwetu. Hayaonyeshwi kwa watalii, wala sisi hatukuyaona. Mwaka 2023 ilitangazwa kwamba, kwa kupima chembe za urithi, wamepatikana Kilimanjaro jamaa walio hai wa baadhi ya watu hao. Mtu mwenye jamaa si kitu cha kuwekwa kabatini.

Msidhani kuwa huko hakuna wanaosikia. Katika mtaa wenye njia za Sansibarstrasse na Tangastrasse kulikuwa na njia iliyotiwa jina la huyo Peters mwaka 1939. Watu walipolalamika, wakubwa wa mji mwaka 1986 wakasema njia ibaki na jina lile lile, ila sasa ni la Peters mwingine! (Tulicheka sana.) Lakini Waafrika wa Berlin na wenyeji wenye haki hawakuchoka, na mwaka 2024 sehemu ya njia ile ikaitwa Maji-Maji-Allee. Upande mwingine wa mji, njia ya Wissmann, aliyemnyonga Abushiri Pangani mwaka 1889, tangu mwaka 2021 yaitwa Lucy-Lameck-Strasse, kwa jina la ndugu yetu wa Moshi, mwanamke wa kwanza nchini kushika cheo cha uwaziri mdogo. Tulipiga picha chini ya kibao hicho, nazo zitapitishwa kwenu sasa hivi.

Na wazee wetu, yeyote aliyesimuliwa na babu au bibi yake habari za kupagaa mifupa ya Tendaguru, tunamwomba asiondoke kabla ya kumwona Katibu. Ana daftari mezani pake, na ukurasa wa kwanza bado mweupe.