Tawi likifutwa, usikae kimya

Siku hizi wako vijana wengi wanaoishi kwa kuandika programu za kompyuta. Ofisini mwao kazi ya watu kumi huwekwa katika ghala moja, na kila mmoja hutengeneza sehemu yake pembeni asije akavuruga ya mwenzake. Sehemu hiyo huitwa tawi. Chombo kinachotumika sana kutunza maghala hayo ni Git, alichokibuni Linus Torvalds, mzaliwa wa Finland, mwaka 2005.

Matawi yakizidi, ghala hugeuka kichaka, na ni lazima yapogolewe. Hapo ndipo balaa huanza. Mtu hufuta tawi akidhani limekwisha kazi, kumbe lina jasho la mwenzake la wiki tatu. Akishtuka, hunyamaza.

Ya nini kunyamaza? Tawi ni jina tu, kama kibandiko juu ya jalada. Ukikibandua, jalada bado liko kabatini. Katika kompyuta ya kila mtumiaji, Git huandika daftari la nyendo liitwalo reflog. Aliyelifanyia kazi tawi hilo hufungua daftari, husoma namba ya hatua ya mwisho, huipa jina upya, na tawi limerudi. Hata lililofutwa kwenye seva huenda lingalipo katika kompyuta ya mwenzako aliyelichukua jana, naye aweza kulirudisha.

Lakini muda una kikomo. Kwa kawaida hatua zisizo na tawi hubaki daftarini siku 30, kisha hupitiwa na ufagio. Kila siku ya kimya ni siku iliyopotea. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Kinga nayo ipo. Amri ya kufuta yenye herufi d ndogo hukataa kufuta tawi ambalo kazi yake haijaunganishwa. Yenye D kubwa hufuta bila kuuliza. Kufuta kwenye seva nako hakuna swali, kwa hiyo muulize mwenye tawi kwanza.

Na ninyi wakuu wa kazi, mfanyakazi akija kusema amefuta tawi, msianze kwa kufoka. Mkimfokea leo, wa kesho atanyamaza, na siku 30 zitakwisha.