JINA NA MZIGO WAKE
(Dominika ya Pili ya Mwaka C)



Katika somo la kwanza la Dominika hii Nabii Isaya anazungumzia majina. Mataifa yamezoea kuutaja mji wa Sioni kama mke aliyeachwa, na nchi yake kama ukiwa mtupu. Bwana anayafuta majina hayo yote mawili. Sisi tulio hapa Mkiwa, kwenye njia panda ambapo barabara ya Itigi huiacha ile iendayo Manyoni, hatuwezi kulisikia neno hilo bila kuinua vichwa. Mkiwa, kwa Kiswahili, ni mtu aliyefiwa na jamaa zake akabaki mpweke. Msafiri hulisoma jina hilo kibaoni, akatabasamu. Wala si lazima tumkasirikie. Mkoa wetu una lugha nyingi, na maneno ya lugha mbili huweza kufanana kwa sauti bila kuwa ndugu.

Lakini tujiulize: ni nani mwenye haki ya kumpa mwenzake jina?

Wanyaturu wenyewe hujiita Arimi. Jina la Wanyamwezi lilienezwa na watu wa pwani. Kuhusu Wagogo husimuliwa kwamba wapagazi wa misafara ndio waliowaita hivyo, kwa sababu ya magogo. Majina hayo yamezoeleka, na wenyewe huyatamka bila uchungu. Timu ya Singida United nayo, ilipocheza Ligi Kuu, iliitwa Walima Alizeti, na hakuna aliyenung'unika, kwa maana alizeti ni jasho la mkoa huu.

Sivyo ilivyo kwa jina Mang'ati. Neno hilo ni la Kimasai, na maana yake ni adui. Wamasai waliwaita hivyo Wadatoga waliopigana nao kwa ajili ya malisho na ng'ombe, nasi wengine tukalipokea sokoni, ofisini na shuleni kana kwamba ndilo jina la kabila. Hebu tumfikirie mtoto wa Kidatoga aingiaye darasa la kwanza. Kabla hajajua kusoma herufi moja, wenzake wanamwita adui, na mwalimu anacheka pamoja nao. Akitoroka shule mwezi wa tatu, tunasema wafugaji hawapendi elimu!

Kuna watakaotuambia kwamba huo ni utani tu. Hapana. Utani tunaufahamu, tena tunauheshimu. Ulienea sana katika njia za misafara, kati ya Wanyamwezi na makabila ambayo walipita katika nchi zao. Mtani anakutukana mchana, nawe unamrudishia. Lakini ukifiwa, yeye ndiye wa kwanza kufika, na kazi za mazishi zinamhusu. Aliyekupa jina la dhihaka amefungwa kwako kwa wajibu. Anayemwita mwenzake Mang'ati hujihesabia wajibu gani?

Jambo hili halituhusu sisi peke yetu. Huko Marekani, shule nyingi huchagua mnyama au watu fulani kuwa alama ya timu zao. Mwanafunzi mmoja huvaa mavazi ya alama hiyo, akacheza uwanjani ili kuwachochea mashabiki. Shule nyingi zilichagua Wahindi Wekundu, kama walivyoitwa, wakajipaka rangi na kuvaa manyoya. Walipolaumiwa walijibu kwamba wanawaheshimu. Wenyeji wengi wa nchi ile hawakuiona heshima hiyo. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha North Dakota kiliacha kuziita timu zake kwa jina la Wasioux, jina ambalo lenyewe lilitoka kwa majirani zao Waojibwe, likapitia vinywani mwa Wafaransa. Mwaka 2019 jimbo la Maine lilizikataza kwa sheria shule zake za umma kutumia alama za namna hiyo. Hata hivyo, Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida kimeendelea kutumia jina la Waseminole, kwa kuwa baraza la Waseminole wa Florida lilitoa ridhaa yake mwaka 2005. Hao waliulizwa. Kwa maoni yetu, hiyo ndiyo tofauti kubwa.

Sasa turudi kwa Isaya. Mungu anapouondolea mji jina la aibu, haishii kwenye kuutafutia jina tamu zaidi. Anajitaja kuwa bwana arusi wake. Jina jipya ni la ndoa, na mwoaji huchukua mzigo wa mke: njaa yake, maadui zake, watoto wake. Ndiyo maana somo hili linasomwa pamoja na Injili ya arusi ya Kana, ambako aibu ya kuishiwa divai ilikuwa ya watu wa nyumba ile, na Kristo akaichukua kama yake.

Enyi makatekista, ninyi mnajua kwamba katika ibada ya Ubatizo swali la kwanza ambalo wazazi huulizwa mlangoni mwa kanisa ni jina la mtoto. Kanisa linauliza kwanza, halijitungii. Basi wiki hii, mtakapofungua daftari la mafundisho, mwulizeni kila mtoto nyumbani kwao wanamwitaje, na wao wenyewe hujiita watu gani. Andikeni kama atakavyotamka, hata kama tahajia itawasumbua, na siku hiyohiyo mwiteni kwa jina hilo mbele ya wenzake.