Shauri kwa Waanzishao Kampuni



Vijana wetu wa Bukoba na Muleba wanaotaka kuanzisha kampuni za kukaanga kahawa, twawapa shauri hili: mtaji wa kwanza ni uaminifu. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Ofisi zilifungwa kwa amri, lakini jina jema halifungwi. Basi pimeni kwa mizani ya haki na kuandika kila senti, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Msinunue butura, yaani kahawa ingali mtini; mkulima aliyenyonywa leo hatawaletea gunia kesho. Wanunuzi nao watembeleeni kabla ya kuwahitaji. Uhayani mgeni hupewa kwanza kahawa ya kutafuna; biashara hufuata baadaye.