NATI IWE NA NGUVU KULIKO BOLTI
Hotuba kwa Mafundi wa Chuma



Nimeombwa niseme nanyi juu ya nati. Huenda mtu akasema kwamba nati ni kitu kidogo kisichostahili hotuba. Lakini paa la ghala, daraja la mto na mtambo wa kiwanda vyote hushikwa na nati, na mtu apitaye chini ya paa hilo hawezi kuzikagua mwenyewe. Yeye humwamini fundi.

Kwanza tuelewe kazi yake. Wengi hudhani kwamba bolti ni kama msumari tu. Lakini katika kiungo kilichokazwa kwa nguvu, nati huivuta bolti hata ikarefuka kidogo sana, kama ugwe wa upinde uliovutwa. Bolti hutaka kurudia urefu wake wa kwanza, na kwa hiyo huyabana mabamba ya chuma yasiweze kuteleza. Huko Marekani kanuni za kwanza za kutumia bolti za namna hii badala ya ribiti zilitolewa mwaka 1951.

Sasa sikilizeni jambo kubwa kuliko yote. Yafaa nati iwe imara kiasi kwamba, kiungo kikikazwa kupita kiasi, bolti ikatike kabla ya hesi ya nati kulika. Kwa nini? Bolti ikikatika, fundi husikia na kuona, naye huweka nyingine saa ile ile. Lakini hesi ikianza kulika ndani ya nati, kwa nje haionekani kitu. Nati hukaa mahali pake kana kwamba ni nzima, na fundi huenda nyumbani akiamini kazi imekwisha. Aibu hutokea baadaye, siku ya upepo mkali au ya mzigo mzito.

Tutajuaje nati inayofaa? Tusome alama zake. Juu ya kichwa cha bolti nzuri za kipimo cha milimita mtaona 8.8 au 10.9. Tarakimu ya kwanza yaonyesha nguvu zake: 8 maana yake kila milimita moja ya mraba huweza kuvutwa kwa uzito wa kilo 80 hivi kabla ya kukatika. Bolti moja ya 8.8 yenye unene wa milimita 20 hukatika kwa uzito wa karibu tani 20. Nati nayo huwa na tarakimu yake. Bolti ya 8.8 yataka nati ya 8 au zaidi, na bolti ya 10.9 yataka nati ya 10 au zaidi. Kuweka nati ya nguvu zaidi si kosa. Kuweka iliyo dhaifu ni hatari. Nati nzito za Kimarekani mara nyingi huwa na alama DH au 2H. Nati isiyo na alama yo yote isitumiwe katika kazi nzito, hata kama mwenye duka ataisifu sana.

Pili, angalieni ukubwa. Nati ya kawaida ya bolti ya milimita 20 hushikwa na spana ya 30, lakini nati nzito ya majengo hushikwa na spana ya 32. Upana huo humpa fundi ukuta mnene zaidi kuzunguka hesi, na kikalio kikubwa zaidi juu ya washa.

Tatu, jihadharini na zinki. Bolti iliyochovywa katika zinki, kama mabati ya nyumba, hunenepa kidogo, kwa hiyo tundu la nati yake hupanuliwa. Nati hiyo mkiivisha bolti isiyo na zinki, hesi hushikana kwa ncha tu, nayo hulika upesi. Basi kila bolti ikae na nati yake tangu dukani, wala zisichanganywe katika debe moja. Tena nati ya zinki itiwe mafuta au nta kabla ya kukazwa, isije ikakwama.

Nne, mahali penye mtikisiko, nati yaweza kufunguka yenyewe. Tarehe 10 Mei 2002, huko Potters Bar, Uingereza, treni iliacha njia mahali reli zinapogawanyika. Nati zilikuwa zimetoka katika vyuma vinavyoshikilia reli zinazosogea. Watu 7 walikufa na 76 waliumia. Kwa kazi kama hiyo chagueni nati za kujifunga, na kuzikagua kwa zamu. Lakini ile yenye pete ya plastiki ndani isiwekwe karibu na moto mkali, maana pete hiyo hulainika.

Mwisho, nati izungushwe kwanza kwa mkono. Ikikataa, tafuteni sababu, msiilazimishe kwa spana. Na ikiisha kukazwa, hesi ya bolti ionekane imetokeza upande wa pili.

Tofauti ya bei kati ya nati njema na nati mbovu ni senti chache. Fundi anayeziokoa senti hizo huwawekea wengine deni ambalo huenda wakalilipa kwa maisha yao.